Rivyu ya waliokuja kunifungia sola: mafundi nawapa tano, ofisi yao nawapa tatu

Wapendwa mambo vipi. Hii ni ya nyie mnaoniuliza kila siku kuhusu sola yangu, naandika mara moja ili niache kurudia rudia kwenye kila grupu.

Kwanza vitu vyenyewe. Inveta haibridi ya kilowati 3 (ndo boksi linalogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumia nyumbani), paneli 6 za wati 550, betri moja ya lithiamu ya kilowati-saa 5, nyumba ya vyumba vitatu huku Kivule, Dar, pamoja na ufungaji imekula milioni saba na ushee. Jina la kampuni siliweki hapa mana nitasema mazuri na mabaya, na hayo mabaya sio ya mafundi ni ya waliokaa kwenye kiyoyozi, so sitaki mtu aje aitwe ofisini kwa ajili ya posti yangu. Anayelitaka aje inboksi.

Vifaa vya sola nyie wenyewe mnajua, vingi ni vilevile, ukizunguka Kariakoo duka hili na lile unakuta inveta ileile imebadilishwa stika. Tofauti iko kwa anayekuja kufunga. Na hapa ndo nataka nikae kidogo mana hawa waliokuja kwangu sijawahi kuona mchanganyiko wa watu kama ule kwenye kazi ya umeme, na nimeamini kabisa kazi yangu imetoka vizuri kwa sababu ya ule mchanganyiko.

Kabla yao alikuja kaka mmoja wa kampuni nyingine. Namfungulia geti ananiuliza "baba yupo?" Nikamwambia baba yuko Dodoma kikazi, na hela ya sola ni ya kwangu ya barafu na juisi, nieleze mimi. Akasema basi atapita wikiendi baba akirudi. Akaondoka kweli jamani, na gari yao yenye picha ya dada kavaa helmeti anacheka.

Hawa wa pili walianza kwa kumtuma dada wa mauzo. Huyu dada hajasomea umeme, kabla ya sola alikuwa anauza mafriji, hafu ndo akahamia huku. Kilichonishangaza hakukaa sebuleni, aliomba tukae jikoni na akaniambia mama samahani naomba na dada wa kazi awepo, yeye ndo anajua pasi inawashwa saa ngapi. Na kweli mimi nilikuwa sijui! Kumbe sare za watoto zinapigwa pasi saa kumi na moja alfajiri, yaani muda ambao jua halijatoka na betri ndo iko mwisho mwisho, na pampu ya kisima inawashwa jioni watu wote wakiwa nyumbani. Akafungua friza langu la barafu akakagua raba ya mlango kwa kubana karatasi, ikachomoka yenyewe, akasema mama hii raba imechoka, badilisha hii kwanza kabla hujanunua betri ya pili, mana friza litakuwa linakimbia usiku kucha. Raba ni hela ndogo. Betri ya pili ni zaidi ya milioni mbili. Mtu wa mauzo gani anakupunguzia oda? Ushauri wake ulikuwa pasi na pampu zihamie mchana, na zisiwake pamoja mana pampu inapostuka kuanza inavuta umeme mara kadhaa ya ule ulioandikwa ubavuni. Tumehamisha, betri moja inatosha. Jirani yangu nyumba kama hii kauziwa mbili.

Siku ya kazi wakaja wanne. Kiongozi wao ni dada, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Kasoma umeme wa majumbani VETA, vile vyuo vya ufundi vya serikali, akafanya kazi kwa makontrakta wa umeme vijijini huko akivuta waya kwenye nyumba za tope, ndo akaja sola, na alinionyesha leseni yake ya EWURA, wale wasimamizi wa mambo ya nishati na maji, bila hata kuombwa. Wa pili ni kijana kiziwi. Wa tatu mzee ambaye maisha yake yote alikuwa fundi wa jenereta za dizeli kwenye minara ya simu, minara ilivyoanza kuwekewa sola na betri kazi ya dizeli ikapungua, akasema nikae nilie au nijifunze, akajifunza. Wa nne huyu hana habari na umeme kabisa, ni fundi bati.

Huyo fundi bati nawaambia mkipata kampuni yenye fundi bati msiiache. Tatizo kubwa la sola za watu huku mtaani ni bati kuvuja, mana mafundi umeme wanatoboa popote. Yeye kabla hajapandisha reli alitembea paa zima na kalamu akitafuta mbao iko wapi chini ya bati, kila skrubu ikapita kwenye mgongo wa bati sio kwenye bonde ambako maji yanapita, na kila moja ina raba na silikoni juu. Masika yote imenyesha vile mnavyoijua na dari langu halina hata doa. Niliwauliza mbona wanaziweka upande ule na sio upande wa barabarani watu wazione (ndio, nilitaka zionekane, tusidanganyane), dada kiongozi akacheka akasema sisi tuko kusini ya ikweta, kwa mwaka mzima jua linakaa zaidi kaskazini, na huko barabarani mnazi wa jirani ukitupa kivuli kwenye paneli moja unaweza kushusha mstari mzima kwa sababu zimeungwa mfululizo. Basi sola yangu inaangalia uwani. Sawa.

Sasa yule kijana kiziwi. Yeye ndo alifunga upande wa inveta na breka. Kabla hajagusa kitu alizima swichi ya DC, yaani ya ule umeme unaoshuka kutoka kwenye paneli, akaitia kikufuli kidogo chekundu, funguo akaweka mfuko wa shati. Nikamuuliza dada kwani mnaogopa wezi? Akasema hapana mama, paneli hazina pa kuzimia, jua likiwepo umeme upo, na hizi sita kwa pamoja ni karibu volti 300 za DC, mwenzetu hatamsikia mtu akipiga kelele "nawashaaa". So utaratibu wao, anayetaka kuwasha chochote anakuja mbele yake, anaonyesha kiganja, anasubiri mpaka mwenyewe atoe funguo afungue. Hakuna kumgusa kwa nyuma wala kumtuma mtu. Yule mzee akadakia kwamba siku hizi wanafanya hivyo wote hata kijana asipokuwepo, mana kwenye saiti yenye jenereta inaunguruma hakuna anayemsikia mwenzie, na enzi zake alishaona mtu kapigwa shoti kwa sababu ya "nilidhani umesema washa".

Na kazi yake daah. Waya zimelala kama nywele za mtoto wa shule siku ya Jumatatu, kila breka ina lebo ya Kiswahili, FRIZA, PAMPU, TAA ZA NJE, na ndani ya mlango wa boksi kabandika mchoro wa mkono wa kuzima kitu gani kwanza moto ukitokea. Nilikuwa naongea nae kwa kuandika kwenye simu, na dada wa kazi kumbe anajua alama chache kwa sababu ana kaka yake kiziwi huko kwao, walicheka sana wale wawili mimi sielewi kitu nimebaki natabasamu tu kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Kwa wenye vijana nyumbani hii sehemu ni yenu. Sisi tumezoea kuwaambia watoto ukitaka kazi za nishati usome fizikia, uwe injinia, basi, asiyefaulu hesabu hana chake. Nilivyowasikiliza hawa wanne na yule dada wa mauzo hakuna hata mmoja aliyepita njia ya mwenzie. Mzee hana cheti cha shule ya maana, ujuzi wake wote ni wa mtaani, ila VETA wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia kazini na kumpa cheti rasmi akifaulu, alienda akapimwa akapata, na bila hicho cheti kampuni isingemuandika. Pia kule Unguja, Kibokwa, kuna chuo cha Barefoot kinafundisha kina mama wa vijijini kufunga na kutengeneza sola, wengine hawakumaliza shule na wengine ni bibi kabisa wana wajukuu, wanajifunza kwa mikono na kwa rangi za vipuri, wanarudi vijijini kwao kufunga taa. Ukienda juu kabisa ni hivyohivyo, KenGen ya Kenya, wale wanaozalisha umeme kwa mvuke wa ardhini huko Olkaria, iliongozwa na Rebecca Miano kuanzia 2017 mpaka 2022 na yule mama ni mwanasheria. So mtoto wako anayependa kuongea, anayependa kushona, anayependa kupanda juu ya mapaa unamchapa kila siku, kazi ipo.

Ila msije mkadhani huko kumenyooka. Ripoti ya 2019 ya IRENA, shirika la kimataifa la nishati jadidifu (jua, upepo, maji na kadhalika), ilisema wanawake ni asilimia 32 ya wafanyakazi wa nishati hizo, wakati mafuta na gesi ni asilimia 22. Ya baadaye wakasema kwenye sola peke yake wanafika 40. Ukiisikia hiyo 40 unapiga vigelegele, hafu unakuja kuona kumbe walipojazana ni kwenye kazi za ofisini, ukipanda juu ya paa au ukienda kwenye kiti cha bosi wanapungua. Na mimi nimeshaona kwa macho yangu ni kwa nini.

Nianze na mkanda. Wakati wa kupanda juu dada kiongozi alivaa ule mkanda wa usalama, nikaona kwenye mapaja amekaza kwa kipande cha kitenge. Nikamuuliza ni urembo? Akasema mama hii mikanda yote ni saizi ya wanaume, nikikaza mpaka tundu la mwisho bado inacheza, nikidondoka nitachomoka huku mkanda umebaki juu, so nimeongezea kitenge. Jamani! Huyu ndo picha yake iko kwenye kalenda ya kampuni, kavaa helmeti ya njano, "tunawezesha wanawake". Wanamuwezesha kwa kitenge chake mwenyewe. Glavu pia kubwa, alivua ili akamate klampu vizuri, na klampu za alumini zina kingo kama wembe. Paneli moja ina kilo ishirini na kitu, unaibeba juu ya bati la moto saa saba mchana na glavu inateleza, niambie mimi nani anabaki kwenye hiyo kazi miaka kumi.

La pili aliniambia tukiwa tunakula (niliwapikia ubwabwa na maharage, fundi mwenye njaa anapinda reli). Ana mtoto mdogo. Likizo ya uzazi alipewa vizuri, siku 84 kama sheria ya ajira inavyosema, na alivyorudi ofisi ikamwambia kwa kumhurumia tunakuweka dawati, usihangaike na saiti. Akashukuru. Mwisho wa mwezi anakuta posho ya saiti hamna, na posho kwa fundi wa sola ndo pesa yenyewe, mshahara ni wa kununulia vocha. Sheria hiyohiyo inampa mama anayenyonyesha mpaka masaa mawili kila siku ya kwenda kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, angepangiwa saiti za karibu na nyumbani kwake yangeisha. Alipigania mwenyewe ndo akarudishwa juu ya paa. Kwangu alifurahi mana anakaa Kitunda, mchana alitoka na bodaboda akanyonyesha akarudi, mzee akashika usukani na kazi haikusimama hata kidogo. Hicho ndo kitu nilichotaka mabosi wakione, wamtoe mtu juu ya paa kwa huruma gani wakati wenzie wameshajipanga?

Na choo. Kitu cha kwanza alichoniuliza alivyofika ni mama tunaweza kutumia choo chako. Akasema kuna saiti anakunywa maji glasi moja tu kuanzia asubuhi. Nikakumbuka wadogo zangu waliofanya vibarua kwenye miradi mikubwa wanasema hayohayo.

Sasa ofisi yao, ndo mana nimewapa tatu. Baada ya kama mwezi inveta ikaanza kulia na kuandika betri haionekani, friza limejaa oda ya watu ya harusi. Nikapiga namba ya huduma kwa wateja, kaka akapokea akasema fundi atakuja kesho kutwa. Nikamwambia niunganishe na yule kijana aliyefunga boksi. Akasema, nanukuu, "mama yule si ni kiziwi, hawezi kukuhudumia kwenye simu." Nikabishana nae weee. Kijana mwenyewe nilikuwa nimeandikiana nae siku nzima kwenye nyumba yangu, unaniambiaje hawezi simu? Na hawana namba ya kutuma meseji wala picha, ni kupiga tu, yaani hata mteja kiziwi akinunua sola kwao akiharibikiwa anafanyaje, sijui wanadhani viziwi hawanunui vitu.

Dada wa mauzo ndo alinisaidia, akanipa namba ya kijana ya WhatsApp kwa ruhusa yake. Nikatuma picha ya skrini ya inveta. Haikupita dakika nyingi akanirudishia picha yangu mwenyewe kazungushia duara jekundu kwenye kebo moja nyembamba kama ya intaneti, inayotoka betri kwenda inveta ili ziongee, kaandika "chomoa, sukuma mpaka ilie ka! subiri kidogo". Nimesukuma ikalia ka, yeye kiziwi ananielekeza sauti mimi nisikilize, nikacheka peke yangu stoo. Kengele ikanyamaza, barafu za harusi zikapona. Ilikuwa imelegea kwa sababu mtoto alikuwa anajificha kule nyuma.

Kaka wa huduma kwa wateja alinipigia kesho kutwa yake kuuliza kama bado nina tatizo. Nikamwambia yule asiyeweza simu ameshamaliza kwa simu.

Nilipoenda ofisini kuchukua kadi za waranti nikakutana na meneja nikamwambia yote haya, ya mkanda, ya posho, ya namba. Kusema ukweli alisikiliza. Nilimuuliza kama kijana wamemwajiri ili kutimiza ile Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, inayotaka mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, akasema wao hawafiki 20, sheria haiwabani, walimchukua kwa sababu kwenye jaribio la kuunganisha boksi aliwashinda wote. Nikamwambia sasa kama ndo fundi wenu namba moja mbona mapokezi wanamkana? Akakuna kichwa. Ya mkanda akasema wameshaagiza saizi ndogo, naamini nikiuona. Namba ya WhatsApp ya wateja wameshaiweka, hiyo nimeijaribu inafanya kazi, na anayejibu jioni ni kijana mwenyewe, analipwa ya ziada nimeambiwa.

So nawashauri nini mnaotaka kufunga. Msiangalie picha za kwenye gari na kalenda, dada mwenye helmeti anawekwa na kila mtu siku hizi. Muulizeni anayekuja leseni ni ya nani na huyo mwenye leseni atakuwepo siku ya kazi au amelala nyumbani kaazimisha karatasi. Angalieni mkanda wa kila anayepanda unamkaa au unacheza. Muone kama wanazima na kufunga kabla ya kugusa. Waulizeni ukipata shida unaweza kutuma picha. Na muone wakiingia kwako wanaongea na nani, mana anayeuliza "baba yupo" hawezi kujua friza lako linafunguliwa mara ngapi.

Bei zao sio za chini, kuna wa laki tano sita pungufu, wapo. Waranti ya betri ni miaka 5 kwa karatasi. Ufungaji walisema siku moja ukaingia ya pili sababu ya reli moja kuja fupi, hilo nimewasamehe. Wakija andaeni vitu viwili, choo kisafi na ngazi ndefu, mana ngazi yao ni fupi, kwangu ilibidi tukaazime kwa mchungaji.